Mashine Iliyofuliwa

Haya alinihadithia somo yangu Bi Kazija, siku tulipokuwa tukichambua mchele wa hitima.

Salhina alikuwa amekaa eda na mimba yake, hatoki nje. Nguo za marehemu mumewe zilikwisha kufuliwa na kugawiwa, ikabaki kompyuta. Humo mumewe, alipojua hatapona, alijirekodi akizungumza na mtoto aliye tumboni. Salhina alikuwa akingoja ajifungue ndipo amsikilizishe.

Mchana mmoja aliamka akaikuta meza ya kompyuta tupu. Alasiri shemeji yake Athmani akaja nayo, akakaa nyuma ya pazia kama ilivyo ada.

"Shemeji, na hii nimekufulia!" akasema kwa furaha. "Ilikuwa inajikokota kama kobe. Fundi kaifuta yote, kaitia Windows mpya. Utadhani imetoka dukani leo!"

"Kaifuta yote?"

"Yote! Nilimwambia, cha maiti hakitumiwi mpaka kioshwe."

"Na hukuniuliza, Athmani."

"Ulikuwa umelala. Mbona hata ahsante sisikii?"

Pazia lilimficha Salhina uso.

"Ahsante, shemeji," akasema, na Athmani akaenda zake akipiga mluzi.

Salhina akaiwasha kompyuta. Kioo kikang'aa, kikauliza jina la mwenyewe. Hakuandika kitu. Aliilaza kitandani, akaegemeza tumbo pale sauti ilipokuwa ikitokea. Mtoto akapiga teke, kisha akatulia kama anayesikiliza. Wakakaa hivyo mpaka usingizi ukamchukua mama mtu, na kioo bado kinangoja jina.