Mguu Ndio Umevunjika

Jamani, siku hiyo wodi ya wazazi ilikuwa na nesi mmoja tu, Salome, maana mwenzake alihamishwa na mwingine hakuletwa. Na uchungu umewashika wanawake wawili kwa mpigo, saa sita mchana! Salome kamshika wa kwanza, kichwa kinatoka, na huku wa pili anapiga kelele, "Nesi, wangu naye anakuja!"

Sasa aende wapi? Ana mikono miwili tu.

Mara mlangoni akatokea Bi Nyamizi, nesi mstaafu aliyelazwa wodi ya jirani. Kaja akirukaruka, mguu una plasta mpaka gotini, kashika ukuta.

"Mama, rudi kitandani, utaanguka!"

"Mguu ndio umevunjika, mwanangu. Mikono ipo. Nipe glavu!"

Akakaa kwenye stuli mbele ya yule wa pili, akazivuta glavu, pa! pa! "Haya binti, usinionee haya, huenda hata wewe nilikudaka mimi. Sukuma!"

Yule mama, na uchungu wote ule, akacheka. Akasukuma.

Nje, wanaume wawili wakaruka kutoka kwenye benchi. Kichanga kimoja kinalia, kingine kinadakia, nao wananyoosha vidole mlangoni, kila mmoja anapiga kelele, "Huyo wangu! Huyo mwenye sauti!"