Bastola Chini ya Mto

Sebuleni, Hamdani alikuwa akibishana na wageni wake kuhusu sheria mpya ya silaha.

"Bastola yangu naiweka nyumbani kwangu," alisema. "Serikali inatafuta nini chumbani kwangu?"

Wakati huohuo mkewe, Tunu, aliingia chumbani kuchukua shuka. Alimkuta binti yao Saumu, mtoto wa miaka minne, amekaa kitandani na bastola ya baba yake mikononi. Alikuwa ameitoa chini ya mto. Mdomo wa bastola ulimwelekea mdogo wake aliyelala.

Tunu alijizuia asipige kelele. Akapiga magoti polepole.

"Saumu, mwanangu, iweke chini."

Mtoto aliuona uso wa mama yake ukitetemeka, akaishika kwa nguvu zaidi. "Utanichapa."

"Sikuchapi."

"Baba je?"

"Naye hakuchapi. Usibonyeze kitu, mama. Iweke, uje nikupakate."

Saumu akaanza kulia. Sebuleni wanaume waliangua kicheko, na Tunu akamwomba Mungu asije mtu mlangoni. Hatimaye mtoto aliilaza bastola kwenye godoro, akamrukia mama yake shingoni.

Tunu aliifunga bastola ndani ya kanga, akatoka na kumkabidhi mumewe mtoto mbele ya wageni.

"Unakwenda wapi, Mama Saumu?"

"Polisi. Wakikurudishia, tafuta nyumba nyingine ya kuiweka."

Alipita katikati ya barabara, mikono ameinyoosha mbele kama aliyebeba sufuria la moto, na watu wakampisha bila kujua kwa nini.