Brashi ya Mkono wa Kushoto

Tangu kiharusi kiuchukue mkono wake wa kulia, Shekue alinyolewa ndevu na mkewe, Mwanaidi. Asubuhi hiyo Shekue alikuwa akifunga manyoya ya mbuzi kwenye kijiti cha mpera, uzi akiuvuta kwa meno. Manyoya yakamwagika tena mapajani.

"Baba Salha, hii niliyokununulia ina kosa gani?" Mwanaidi aliuliza, akiinua brashi ya kunyolea ya dukani.

"Haina kosa. Nataka kujua mkono huu uliobaki unafaa nini."

"Basi utakula manyoya mpaka ushibe!"

Shekue alicheka bila kuuachia uzi, akakaza fundo. Safari hii likashika. Akaichovya brashi yake kwenye sabuni, akajipaka povu polepole. Unyoya mmoja ukabaki kidevuni. Mwanaidi akanyoosha mkono autoe, kisha akaurudisha, akamshikia kioo.