Ndiyo au La

Tingatinga lilikuwa limeshaangusha nyumba ya jirani wakati Nthoki alipoliona gari la mheshimiwa kando ya barabara. Akalikimbilia, mikono ingali na unga wa chapati, akagonga kioo.

"Wakili! Wakili!"

"Mwite mheshimiwa, mama," askari aliyelilinda gari akamkemea.

Kabla ya kushinda uchaguzi, mheshimiwa huyo alikuwa wakili wao. Aliwatetea kortini hadi hakimu akazuia nyumba za mtaa wao wa Kware zisibomolewe. Ndiye aliyemfundisha Nthoki kutoa ushahidi: "Ukiulizwa, mama, jibu ndiyo au la. Anayejieleza sana ana la kuficha."

Kioo kikashuka nusu. Nthoki akakishika kwa vidole.

"Hili tingatinga umelileta wewe? Ndiyo au la?"

"Mama, unajua mambo ya ardhi yana taratibu zake, na sisi kama viongozi..."

"Ndiyo au la, Wakili?"

Nyuma yake mabati ya chumba chake yakaanza kulia. Mheshimiwa hakumtazama usoni. Alitazama unga uliochafua kioo chake, kisha akabonyeza kidude mlangoni, kioo kikaanza kupanda.

Nthoki hakutoa vidole.