Mfumo Usiouliza Wewe Nani

Kwa mara ya sita kompyuta ilimtaka bibi aandike neno la siri, na kwa mara ya sita ikamkatalia. Bibi akaisonya. Akaiambia basi ikae na vitu vyake, waone kama itavila.

Fundi, binti mwenye miwani na vidole vya haraka, aliivuta mashine upande wake wa meza akauliza neno hilo analijua nani.

"Mume wangu," akasema bibi. "Kaondoka nalo."

Binti akashusha sauti, akampa pole ya msiba. Bibi akasema ahsante tu. Kueleza nako kunachosha.

Mumewe alikuwa karani wa masjala miaka thelathini, mtu wa kufunga kwa ufunguo hata kabati tupu. Neno la siri alilibadilisha kila mwezi na hakuliandika popote. Kwake yeye, siri ikishaandikwa ni tangazo. Humo kwenye kompyuta ndimo alimohamishia picha zote za nyumbani, na albamu yenyewe iliharibiwa na mafuriko. Bibi alitaka moja tu, ya harusi.

"Kuna mtu nataka kumwonyesha," alisema. "Haniamini."

Kwenye benchi nyuma yao, mzee aliyevua viatu kama yuko sebuleni kwake alikohoa kidogo. Akauliza mama mzuri hivyo anaishi na nani.

"Nina mume."

"Ana bahati."

"Wala haijui," akasema bibi bila kugeuka. Binti akacheka hadi miwani ikamteleza.

Kisha fundi akaeleza. Mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, ule wa kununua, hautafungua hata uuombe kwa machozi, na wakiufuta picha huenda zikaenda nao. Lakini upo mwingine wa bure, kazi ya watu wanaojitolea, anao kwenye flashi. Hawatauweka ndani, wataujaribu tu. Kompyuta itawaka kwa huo, nao utaingia kwenye faili kwa mlango wa uani.

"Na wenyewe utaniuliza mimi nani?"

"Huu hauulizi mtu, bibi."

"Afadhali. Mimi hilo naulizwa kila asubuhi."

Mzee wa kwenye benchi akauliza tena mama mzuri hivyo anaishi na nani. Bibi akamjibu tena, maneno yaleyale, sauti ileile, kama vile hajawahi kuulizwa.

Flashi ikachomekwa. Kioo kikawa cheusi, maandishi yakapita mbio kama siafu wanaohama, halafu kikatulia, kikawa cha buluu. Bibi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Binti akafungua folda moja, akafungua ya pili. Ya tatu iliitwa Nyumbani.

Wakawaona: bwana harusi ndani ya koti la kuazima, mikono yote imemezwa na mikono ya koti, na bibi harusi kando yake, kajiuma mdomo asicheke.

Bibi hakucheka. Alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, akakigeuza kioo kuelekea kwenye benchi.

"Njoo uone."

Mzee akaja pekupeku. Akainama, akatazama muda mrefu. Akamgusa bwana harusi usoni kwa kidole kimoja, polepole, kama anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Bibi akamsogezea kioo karibu zaidi.

"Ndiye marehemu huyu?" mzee akauliza kwa upole. "Pole sana, mama. Inaonekana alikupenda."

"Sana," akasema bibi.

Akapiga magoti kwa shida, akaokota kiatu cha kushoto, akakilegeza kamba.

"Haya, lete mguu, mume wangu. Twende nyumbani."