Foleni ya Jumamosi Barazani kwa Siwatu

Kila Jumamosi asubuhi, sheria ilimtaka Siwatu akae barazani kwake awajibu wasomaji wa kitabu cha marehemu baba yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa watoto wote wa waandishi wa vitabu vya siasa vilivyozua ugomvi. Baba yake aliandika kwamba mtu akishatimiza miaka sitini asipige kura tena, na serikali ikamsikiliza.

Jumamosi ile walikuja watu kumi na watatu. Uji wake ulipoa hadi ukafanya utando.

"Nimejenga barabara za mji huu, leo sina sauti!" akafoka fundi mmoja mstaafu, aliyekuja pia juma lililopita.

"Mzee wangu, kilipotoka kitabu mimi nilikuwa darasa la pili. Ningemzuia vipi?"

Fundi akaondoka akinung'unika. Siwatu akainuka. "Basi, nimechoka! Nakwenda kula."

"Bado mmoja."

Alikuwa mama yake, aliyeishi naye nyumba hiyohiyo, amesimama kwenye foleni na khanga yake ya kutokea.

"Mama, usinitanie. Ingia ndani."

"Sitanii. Baba yako alinisomea kila ukurasa, nami nikamsifu. Nilikuwa na miaka thelathini. Sasa nina sabini na miwili, na kesho ni uchaguzi. Haya, nijibu."

Siwatu akamsogezea kiti. Mama yake hakukaa. Alibaki amesimama palepale, akisubiri jibu kama wale wengine.