Uji wa Mgonjwa

Siku hizo kila mtu alivishwa taa mkononi kwa amri ya serikali. Kijani mzima, nyekundu mgonjwa, na mgonjwa akifungiwa ndani, marufuku kwenda kumjulia hali. Dada yake Bi Mwanapili alikufa hivyo hivyo, hata uji wa jirani hakuuonja.

Jumapili moja mchana Bi Mwanapili alikuwa akitazama tamthilia. Rais wa mchezoni alihutubia juani huku akivutavuta mkono wa koti, na chini ya kitambaa taa ikawaka nyekundu. Papo hapo mchezo ukakatwa, akatokea msemaji wa Ikulu, jasho linamtiririka.

"Ule ni mchezo tu! Rais wetu ni mzima wa afya."

"Nani kakuuliza?" Bi Mwanapili akaiambia televisheni.

Akakoroga uji wa pilipili manga, akaujaza kwenye chupa ya chai, akajitanda kanga. Nje aliwakuta majirani, nao wametazama, kila mmoja na chupa yake.

Kwenye lango la Ikulu askari akawazuia. "Mnataka nini, mama zangu?"

"Tumekuja kumjulia hali mgonjwa."

"Hapa hakuna mgonjwa!"

"Alhamdulillahi. Basi mpelekee aunywe na uzima wake. Sisi tunangojea chupa zetu."

Wakaketi chini wote. Askari akanyoosha mkono apokee, mara akaurudisha, akavuta mkono wa shati mpaka vidoleni. Bi Mwanapili alikwisha kuona. Akafungua chupa, akammiminia kikombe.

"Anza wewe, mwanangu."